Kiti Kipo, Kitanda Hakipo: Hesabu Mbili za Majengo ya Chuo

Mtoto amechaguliwa chuo Moshi au Arusha, nyumbani wameshafurahi vya kutosha, na sasa fomu ya maelekezo ya kujiunga imechapishwa steshenari na iko mezani. Baba anaipitia kalamu mkononi: ada, bima ya afya, picha ndogo, vyeti halisi. Anafika sehemu ya malazi na kukuta maneno machache kuliko sehemu nyingine zote: vyumba ni vichache, chuo hakimhakikishii mwanafunzi nafasi ya kulala. Swali linalofuata huulizwa na wazazi wa Marangu na wa Kigoma vilevile. Chuo chenye maghorofa yote yale kinakosaje kitanda cha mtoto mmoja?

Jibu ambalo watu hupeana ni kwamba chuo kimepokea wanafunzi kupita uwezo wake. Hiyo ni kweli nusu. Uwezo wa chuo haupimwi kwa kipimo kimoja: majengo ya kusomea yana hesabu yake, majengo ya kuishi yana yake, na hizo mbili hazisogei pamoja. Ukishaiona tofauti hiyo, mambo mengi ya kampasi yanayoonekana kama uzembe yanaanza kueleweka. Utajua kwa nini pindi limewekwa saa 1 usiku, kwa nini ukumbi wa uhasibu unaimbiwa mapambio Jumapili, na kwa nini mwanafunzi wa mwaka wa kwanza analala ndani ya geti wakati wa mwaka wa pili yuko mitaani, Longuo au Soweto ya Moshi, akilipa kodi kwa mama mwenye nyumba.

Tuanze na ukumbi. Chukua ukumbi wa mihadhara wenye viti 300, unaofunguliwa saa 1 asubuhi na kufungwa saa 2 usiku, Jumatatu hadi Ijumaa. Hizo ni saa 13 kwa siku, saa 65 kwa wiki. Mwanafunzi wa shahada ya biashara tuseme ana saa 15 za kukaa ukumbini kwa wiki, zilizobaki ni semina na kujisomea. Gawanya 65 kwa 15: ukumbi huo mmoja unabeba makundi manne ya watu 300, yaani wanafunzi 1,200, na bado zinabaki saa chache za kufanyia mitihani midogo. Ukiongeza Jumamosi na madarasa ya jioni ya watu walioajiriwa, namba inapanda tena. Hakuna tofali lililoongezwa. Kilichoongezwa ni mistari kwenye ratiba.

Sasa bweni la vitanda 300. Linalaza watu 300. Mwenye kitanda hakitumii saa 15 kwa wiki halafu akampisha mwingine. Anakishika muhula mzima, hata akiwa ukumbini godoro lake liko pale na begi lake liko chini yake. Kwa hiyo chuo kinaweza kuongeza udahili kwa kalamu tu upande wa taaluma, lakini upande wa malazi kila kichwa kipya kinadai mbao, godoro, bomba na choo.

Wanafunzi wenyewe walishajaribu kukitengenezea kitanda ratiba. Ndiyo huko kubebana: mmoja kapangiwa chumba kihalali, mwenzake hana pa kwenda, wanalala mzungu wa nne kwenye kitanda cha futi tatu na asubuhi aliyebebwa anatoka mapema kabla mlezi wa bweni hajapita. Chumba cha wanne kinalaza saba. Vyoo vilivyojengwa kwa hesabu ya wanne wanne vinaelemewa, tenki la maji linakauka kabla ya saa 3 asubuhi, na mwisho wa muhula lawama zote zinaangukia fundi bomba. Uongozi unapiga marufuku kila mwaka na kila mwaka watu wanabebana, maana anayebebwa mara nyingi ni ndugu, au mtu wa kijiji kimoja, na kumwacha nje ni jambo ambalo wengi hawaliwezi.

Haikuwa hivi tangu zamani. Elimu ya chuo kikuu nchini ilianza tarehe 25 Oktoba 1961 bila hata jengo lake: wanafunzi wa sheria wasiofika 20 walisomea kwenye jengo la TANU Mtaa wa Lumumba, Dar es Salaam, na mwaka 1964 ndipo chuo kikahamia Mlimani. Kule Mlimani mabweni yalijengwa sambamba na kumbi, kwa sababu serikali ndiyo iliyomlipia mwanafunzi kila kitu, chakula na kulala vikiwemo. Kudahili mtu maana yake ilikuwa kumpa kiti, kitanda na sahani kwa mpigo. Wachache waliofika huko walikuwa wakiandaliwa kwa kazi za taifa jipya, na hesabu zile mbili zilikwenda pamoja kwa kuwa mlipaji alikuwa mmoja.

Moshi nako kulikuwa na mantiki ya namna hiyo. Chuo cha Ushirika kilifunguliwa mwaka 1963, na kuwekwa Moshi halikuwa jambo la bahati: hapa ndipo wakulima wa kahawa walipoanzisha chama chao mwaka 1925 na KNCU, muungano wa vyama vya ushirika vya Kilimanjaro, ikafuata mwaka 1933, kwa hiyo ushirika ulikuwa jambo la kuonwa kwa macho mjini, kwenye maghala na ofisi. Waliokuja kusoma ni watumishi na viongozi wa vyama vya ushirika kutoka mikoani. Mtu wa aina hiyo amemwacha mke au mume na shamba, kaja kwa kozi, atarudi. Hatafuti chumba mtaa wa Majengo. Chuo cha namna hiyo kinahitaji mabweni kama kinavyohitaji madarasa.

Halafu mambo yakabadilika kwa mafungu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ilikuja sera ya kuchangia gharama, na mzigo wa malazi na chakula ukaanza kushushwa kutoka kwa serikali kwenda kwa mwanafunzi na familia yake. Sheria ya Bodi ya Mikopo ilipita mwaka 2004 na bodi ikaanza kazi mwaka 2005. Mwaka huohuo wa 2004 Chuo cha Ushirika kikawa chuo kikuu kishiriki chini ya Sokoine cha Morogoro, na mwaka 2014 kikasimama chenyewe kama Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi, kile tunachokiita MoCU. Kutoka chuo cha watumishi hadi chuo kikuu cha vijana wa kidato cha sita ni safari ndefu, na katika safari hiyo ratiba hutangulia, vitanda hufuata nyuma kwa mbali.

Fedha ya chakula na malazi sasa inaingia mfukoni mwa mwanafunzi, si kwenye akaunti ya chuo. Ndilo bumu. Tangu mwaka wa masomo 2022/23 kiwango ni shilingi 10,000 kwa siku, kutoka 8,500. Kwa awamu ya siku 60 hiyo ni shilingi 600,000. Sasa tuseme chumba cha mtaani ni 50,000 kwa mwezi na mwenye nyumba anataka miezi sita kwa mkupuo, kama walivyo wengi: 300,000 imekwenda kabla hujanunua ndoo, jiko la gesi, godoro na pazia. Nusu ya bumu la kwanza imeishia mlangoni. Na hapo nazungumzia mwenye mkopo kamili. Aliyepata asilimia chache anaanza na hesabu nyingine kabisa.

Basi kwa nini vyuo visijenge mabweni tu, kama wapangaji wako tele? Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Mwaka 2017 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipata mabweni mapya yaliyojengwa na Wakala wa Majengo, yenye nafasi 3,840, kwa shilingi bilioni 10, gharama iliyosifiwa wakati ule kuwa ndogo mno. Gawanya: ni takriban milioni 2.6 kwa kitanda. Sasa mtoze mwanafunzi, tuseme, shilingi 800 kwa siku, kwa siku 240 za mwaka wa masomo. Unapata 192,000. Kitanda kimoja kitahitaji zaidi ya miaka 13 kurudisha fedha yake, na hapo hujalipa maji, umeme, mlinzi, rangi wala kitasa kilichong'olewa. Ukipandisha bei ili fedha irudi haraka, mwanafunzi atahamia mtaani. Ukiishusha ili mtoto wa mkulima aimudu, lazima mtu mwingine alipie tofauti. Ukumbi hauna tatizo hilo: unakaliwa na watu 1,200 na ada zao zote.

UDOM, yaani Chuo Kikuu cha Dodoma, iliyoanzishwa mwaka 2007, iliweza kujengwa pamoja na mabweni yake kwa kuwa ilipata eneo kubwa la kuanzia na mifuko ya hifadhi ya jamii ikatoa fedha nyingi kwa wakati mmoja. Vyuo vya kwetu huku kaskazini vilikua kidogo kidogo, jengo baada ya jengo, kila moja na mfadhili wake. Halafu ukaja mradi wa HEET, fedha za Benki ya Dunia, dola milioni 425 zilizoidhinishwa mwaka 2021 kwa ajili ya vyuo vya umma nchini, MoCU na Taasisi ya Nelson Mandela zikiwemo. Mabweni yamo humo, lakini ukisikia orodha ya majengo, maneno yanayojirudia ni maabara, kumbi na karakana. Mtoa fedha anataka kuona wahitimu, na hesabu ya ukumbi niliyoieleza hapo juu anaijua vizuri kuliko mimi na wewe.

Hata hivyo usidhani kila chuo kinaweza kucheza na ratiba. Inategemea kinafundisha nini.

Panda juu kidogo hadi KCMC, hospitali iliyofunguliwa mwaka 1971, ambako masomo ya udaktari yalianza mwaka 1997. Darasa kubwa la mwanafunzi wa udaktari ni wodi. Huwezi kuweka watu 300 kuzunguka kitanda cha mgonjwa mmoja, na huwezi kumwambia mgonjwa aje tena saa 1 usiku kwa ajili ya kundi la pili. Mwanafunzi wa miaka ya mwisho ana zamu za usiku, kwa hiyo akilala mbali na hospitali ni tatizo la kazi, si la starehe tu. Pembeni yake kuna kituo cha kufundishia mafundi wa viungo bandia, TATCOT, kilichoanza mwaka 1981. Mle kila mwanafunzi anahitaji meza yake, plasta yake na tanuri la kusubiri zamu. Jengo la aina hiyo halizidishwi kwa kalamu. Ndiyo sababu vyuo vya afya na ufundi hubaki na idadi ndogo ya wanafunzi, na ndiyo sababu ada zao zinauma.

Arusha hali ni hiyohiyo kwa sura tofauti. Chuo cha Ufundi, kilichoanza mwaka 1978 kwa msaada wa Ujerumani, kimejengwa kuzunguka karakana, na mashine ya kuchonga chuma inasimamiwa na mtu mmoja kwa wakati. Nelson Mandela, kule Tengeru, inachukua wanafunzi wa uzamili na uzamivu tu, wanaoishi maabara saa zisizo na mpango. Jaribio la kibaolojia halijui kuwa ni Jumamosi. Chuo cha Uhasibu, Njiro, kiko upande wa pili wa mizani: somo lake linahitaji ubao, kikokotoo na viti, kwa hiyo kumbi zake zinaweza kufanya kazi mchana kutwa na jioni yake. Mweka, mlimani juu ya Moshi, kilichofunguliwa mwaka 1963 kufundisha uhifadhi wa wanyamapori, sehemu kubwa ya darasa lake iko hifadhini, ndani ya mahema. Na Makumira, kwa kuwa kilianza kama chuo cha theolojia, kina kanisa, madarasa na nyumba za kulala karibu karibu, kwa sababu kusali, kusoma na kuishi vilihesabiwa kuwa sehemu ya malezi yaleyale.

Kuna jambo jingine linalochanganya wageni: nani anashika ufunguo. Ndani ya geti moja kuna tawala mbili. Kumbi ziko chini ya Naibu Makamu Mkuu wa Chuo anayeshughulikia taaluma, na mwenye nguvu ya kweli ya kila siku ni mratibu wa ratiba. Mabweni yako kwa Mshauri wa Wanafunzi, ambaye kwenye vyuo vingi yuko upande wa utawala na fedha. Kisha kuna Idara ya Miliki, ambayo kuta zote ni zake lakini haina mwanafunzi hata mmoja. Projekta ikifa ukumbini, mhadhiri analalamika na kabla ya jua kuzama kuna mtu juu ya ngazi. Bomba likipasuka bwenini, mwanafunzi anamwambia mlezi, mlezi anaandika kwa Mshauri, Mshauri anaandika Miliki, Miliki wanasema kifaa hakipo stoo na maombi yameenda manunuzi. Si kwamba kuna mtu mbaya. Njia tu ni ndefu, na anayeoga kwa kopo ndiye mwenye sauti ndogo. Ndiyo maana serikali za wanafunzi zina waziri wa malazi, na ukimwona kijana wa miaka 22 mwenye simu isiyokauka katika wiki ya kwanza ya Novemba, huenda ndiye.

Ufunguo huo una mengine. Ukumbi ukishakuwa wa kuhesabiwa kwa saa, saa zisizo na pindi zinagombewa. Pita Jumapili saa 3 asubuhi. Kwenye ubao kuna mizania ya Ijumaa ambayo hakuna aliyeifuta, mali upande huu, madeni upande ule, na mbele yake vijana wa USCF au CASFETA, vikundi vya wanafunzi Wakristo, wanavuta nyaya za kinanda na kupanga spika juu ya meza ya mhadhiri. Kufikia saa 8 mchana mahali palepale pana mkutano wa wanafunzi wa mkoa fulani, na jioni kuna watu wanaojisomea wenyewe kwa ajili ya UE, mitihani ya mwisho wa muhula. Vijana wa TAMSYA, umoja wa wanafunzi Waislamu, nao wanahitaji mahali pa swala na mihadhara yao, na vyuo visivyo na msikiti hutenga chumba. Hakuna mchoro wa mbunifu uliowahi kuandika "kanisa" kwenye ukumbi ule.

Sehemu ninayoiona kuwa imefanikiwa kuliko zote kwenye kampasi zetu, kwa fedha ndogo kuliko zote, ni vimbweta. Meza ya zege, mabenchi ya zege yaliyoshikamana nayo, mti juu. Basi. Havina mlango wala ufunguo, kwa hiyo havina bosi. Maktaba inakudai kitambulisho na ukimya; kimbweta kinaruhusu watu sita kubishana kuhusu swali la tatu la mwaka jana, na mmoja akiwa anakula mahindi. Wanaolala mtaani ndio wanaovihitaji zaidi, kwa maana kati ya pindi la saa 2 asubuhi na la saa 10 jioni hawana chumba cha kurudi. Chuo kinachoweka taa ya nje na soketi mbili za kuchajia pale kimewapa wanafunzi mengi zaidi ya kile kinachojenga jengo la vioo mbele ya utawala.

Na kuhusu vioo, niseme kidogo. Moshi ina joto, hasa Januari na Februari. Majengo ya zamani yamewekwa yakiwa na upande mrefu kaskazini na kusini, ili jua la kuchomoza na la kuzama likute ukuta mfupi usio na dirisha. Yana vibaraza vipana, luva na matofali ya matundu yanayopitisha upepo. Ni ya kawaida kuyatazama lakini unaweza kukaa ndani saa tatu bila kusinzia. Mapya mengi yamefungwa aluminiamu na vioo, yanategemea kiyoyozi, na umeme ukikatika watu 300 wanabaki wamefungiwa kwenye chupa. Arusha kilio ni kinyume: Julai luva za zamani hazifungi vizuri na watu wanakuja kwenye pindi la asubuhi na blanketi la Kimasai mabegani.

Kafeteria sitaisemea sana. Zamani ilikuwa sehemu ya sahani ile ya serikali, siku hizi jengo linakodishwa kwa mzabuni, naye analipa pango na kupandisha bei ya wali maharage. Mama lishe aliye nje ya geti halipi pango hilo. Matokeo kila mtu anayajua.

Kwa mzazi mwenye fomu mezani, kinachobaki ni vitendo. Vyuo vingi huwapa nafasi za ndani kwanza wanafunzi wa mwaka wa kwanza, wenye ulemavu na wasichana, kwa hiyo ombi la chumba litumwe siku mfumo unapofunguliwa, si siku ya kuripoti. Akikosa, uliza hosteli za taasisi za dini kabla ya mtaani. Na ukifika kwa mwenye nyumba, angalia kalenda kabla ya kuangalia rangi ya ukuta. Mwaka wa masomo una miezi kama minane, mwaka wa mwenye nyumba una kumi na miwili. Wanafunzi wazoefu hawalipii miezi ile ya likizo: wanapatana chumba kibaki kwa nusu kodi, au wanamwachia mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo anayekuja mjini Julai, au watatu wanajumuisha vyombo vyao chumba kimoja na kurudisha funguo za viwili. Hayo yote yanazungumzwa mapema, mbele ya mjumbe, na yanaandikwa kwenye karatasi yenye sahihi za pande zote mbili.